Marejeo katika uuguzi: tufundishwe chanzo kabla ya mikato

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huonekana dogo kwa aliye nje ya vyuo vya afya, lakini humkuta kila mwanafunzi mpya wa uuguzi katika wiki zake za mwanzo, nalo ni uandishi wa marejeo ya kitaaluma, yaani kutaja vyanzo vya tunayoyaandika. Ninasoma mwaka wa kwanza. Maoni yangu ni kwamba urejeleaji hufundishwa kuanzia mkiani: tunapewa kwanza mikato, nukta, mabano na herufi za mlazo, na sababu ya kuwapo kwa rejea huachwa ije yenyewe baadaye, kama itakuja. Ningependa utaratibu huo ugeuzwe, kwa kuwa suala hili linamgusa mgonjwa zaidi ya linavyomgusa msahihishaji wa kazi zetu.

Mwanafunzi anayeanza hupewa kazi ya kwanza ya kuandika, tuseme kuhusu kuzuia vidonda vya kulalia au kuhusu usafi wa mikono wodini, na chini ya swali huwa pana sentensi moja inayosema kwamba marejeo yafuate mtindo wa APA. Mtindo huo, unaotungwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, hutumika katika programu nyingi za uuguzi. Unamtaka aandike jina la mwisho la mwandishi, herufi za kwanza za majina yake mengine, mwaka ndani ya mabano, kichwa cha makala, jina kamili la jarida kwa herufi za mlazo, juzuu nalo kwa mlazo, namba ya toleo ndani ya mabano bila mlazo, kurasa, kisha namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi mtandaoni, ikiwa imeandikwa kama kiungo cha intaneti. Akifungua jarida la tiba ili aisome makala yenyewe, anakuta waandishi wake wamefuata utaratibu mwingine kabisa, ule wa Vancouver, ambamo ndani ya matini hamna jina wala mwaka bali namba tu, orodha ya mwisho inafuata mpangilio wa namba hizo badala ya alfabeti, jina la jarida limefupishwa, herufi za majina hazina nukta, na kurasa za 284 hadi 287 zimeandikwa 284-7. Akiazima kitabu maktabani huenda akakutana na mtindo wa Harvard, ambao hauna mwongozo mmoja rasmi unaokubalika kila mahali, hivyo kila chuo kina Harvard yake. Tena mkufunzi wa somo moja anaweza kudai APA kwa ukali, wa somo la pili akakubali chochote alimradi kifanane mwanzo hadi mwisho, na wa tatu akasahihisha kwa kanuni za toleo la zamani alilolisoma yeye alipokuwa mwanafunzi. Si ajabu basi kwamba wengi wetu huamini marejeo ni adhabu iliyobuniwa ili kuwapunguzia watu alama.

Ingesaidia sana kama tungeambiwa mitindo hii ilitoka wapi, maana historia yake inaondoa hofu. APA ilianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba, baada ya wanasaikolojia, wanaanthropolojia na mameneja kukutana ili kutafuta utaratibu rahisi wa kuandika kazi za kisayansi zisomeke bila taabu. Leo mwongozo huo uko katika toleo la saba, lililotoka Oktoba 2019, na una zaidi ya kurasa 400. Vancouver inatokana na kikao cha wahariri wachache wa majarida ya tiba waliokutana katika mji huo wa Canada mwaka 1978 ili wakubaliane masharti ya namna moja kwa wanaowasilisha miswada, nao wakayachapisha mwaka uliofuata. Desturi ya kutaja mwandishi na mwaka ndani ya mabano kwa kawaida hunasibishwa na mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Laurens Mark, aliyeitumia katika makala yake ya mwaka 1881 kuhusu konokono asiye na gamba. Watu hawa wote walikuwa wakijaribu kumpunguzia msomaji kazi.

Anayelijua hilo huona pia kwamba kanuni nyingi zinazotutoa jasho ni makubaliano tu, na makubaliano hubadilika. Toleo la saba la APA liliacha kutaja mji wa mchapishaji, jambo ambalo wanafunzi waliotutangulia walikatwa alama kwa kulisahau. Liliamua kwamba kazi yenye waandishi watatu au zaidi itajwe kwa jina la wa kwanza na wenzake tangu mara ya kwanza, badala ya kuwataja wote kwanza na kufupisha baadaye. Lilitaka waandishi hadi 20 waorodheshwe mwishoni, ilhali toleo la sita liliishia saba. Hata hivyo maswali manne hayajabadilika katika toleo lolote wala katika mtindo wowote: nani amesema, lini, ameiitaje kazi yake, na inapatikana wapi. Mwanafunzi anayeyashika manne hayo anaweza kuhama kutoka APA kwenda Vancouver kwa mchana mmoja akiwa na mwongozo mezani, na asiyeyashika atabaki akinakili mifano asiyoielewa hadi mwaka wa mwisho.

Sasa niingie katika kiini cha barua yangu, kwa mfano ambao natamani kila darasa la uuguzi liupewe katika wiki ya kwanza. Januari 1980 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua kwa mhariri, yenye sentensi tano tu, kutoka kwa watafiti wawili wa Boston. Walieleza kwamba walipitia kumbukumbu za wagonjwa 39,946 waliolazwa hospitalini, wakaona kuwa 11,882 kati yao walipewa angalau mara moja dawa ya kutuliza maumivu ya jamii ya afyuni, na kwamba miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu walipatikana wanne tu ambao uraibu wao ulithibitishwa vya kutosha. Barua haikusema dawa zilitolewa kwa siku ngapi, wala haikusema lolote kuhusu mgonjwa anayeandikiwa dawa hizo akazitumie nyumbani kwa miezi kadhaa kwa ajili ya maumivu sugu. Lakini kichwa chake kilikuwa kifupi na chenye kutuliza wasiwasi: uraibu ni nadra kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa hizo.

Mwaka 2017 watafiti wa Canada walichapisha katika jarida hilohilo uchambuzi wa kazi 608 zilizoirejelea barua ile. Kazi 439, yaani asilimia 72.2, ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa za jamii ya afyuni, na kazi 491, yaani asilimia 80.8, hazikutaja kwamba wagonjwa waliohusika walikuwa wamelazwa. Urejeleaji wake uliongezeka sana baada ya dawa ya OxyContin, nayo ya jamii ya afyuni, kuanzishwa mwaka 1995. Watafiti hao waliandika kwamba wanaamini mwenendo huo ulichangia janga la dawa za afyuni Amerika Kaskazini, kwa kuwa ulisaidia kuwaondolea hofu waliokuwa wakiandika dawa. Jarida lenyewe limeweka juu ya barua hiyo mtandaoni taarifa ya kuwatahadharisha wasomaji kwamba imerejelewa mno bila kuhakikiwa.

Rejea ya barua hiyo ni nyepesi mno kuiandika kwa usahihi. Ina waandishi wawili, mwaka 1980, juzuu la 302, ukurasa wa 123, basi. Mwanafunzi wa wiki ya pili angeipanga bila kosa na angepata alama zote za muundo, na bado angekuwa ameshiriki kueneza jambo ambalo chanzo hakikulisema. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usahihi wa alama za uandishi na ukweli wa rejea ni mambo mawili tofauti, na kwamba tunaopelekwa wodini tunapaswa kufunzwa la pili kwa bidii kubwa zaidi. Kuisoma barua ile nzima kungemchukua mtu dakika moja. Ninapofikiria wangapi walitumia muda mrefu zaidi kuipanga katika orodha kuliko kuisoma, nahuzunika, kwa sababu upande wa pili wa orodha hizo walikuwapo watu wenye maumivu waliowaamini wahudumu wao.

Mwaka unaoandikwa ndani ya mabano nao hufundishwa kama sehemu ya muundo, pengine kwa onyo kwamba vyanzo visizidi umri fulani, lakini ni mara chache tunaonyeshwa kwa nini. Wauguzi wana sababu za wazi kabisa. Mwaka 2010 Chama cha Moyo cha Marekani kilibadilisha mpangilio wa hatua za kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama: badala ya kuanza na njia ya hewa na kumpulizia pumzi, mwokoaji aanze kukandamiza kifua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, ilhali utaratibu wake wa awali ulikuwa wa mahudhurio manne. Mwanafunzi anayeandika kuhusu mambo haya kwa kutumia kitabu cha kabla ya miaka hiyo anaweza kuandika jambo lililokuwa sahihi siku lilipochapishwa na ambalo leo si sahihi tena, na kitu pekee kitakachomzindua msomaji wake ni mwaka ule mdogo ndani ya mabano. Angeambiwa hivyo tangu mwanzo, asingehitaji kukumbushwa mara kwa mara kuuandika.

Kuna ugumu mwingine ambao waandaaji wa vipeperushi vya mafunzo huupita bila kuugusa. Mifano tunayopewa karibu yote ni ya vitabu na makala za majarida, zenye waandishi wenye majina yaliyonyooka. Vyanzo anavyovihitaji muuguzi kila siku ni vya namna nyingine: miongozo ya wizara za afya, miongozo ya Shirika la Afya Duniani, maelezo ya dawa yanayotolewa na watengenezaji, fomu na taratibu za hospitali, kurasa za mtandaoni zisizo na tarehe. Je, mwandishi ni nani pale ambapo hakuna mtu aliyetajwa? Jibu la APA ni kwamba taasisi yenyewe ndiyo mwandishi, na ikiwa ndiyo mchapishaji pia, jina lake halirudiwi. Ikiwa tarehe haipo, mahali pa mwaka pataandikwa kwamba hakuna tarehe, na msomaji atajua kuwa achukue tahadhari. Ni majibu mepesi, lakini mwanafunzi asiyepewa huyakwepa kwa kutafuta kitabu cha jumla chenye jina la mtu, hata kama mwongozo rasmi ndio chanzo bora zaidi kwa swali lake. Hivyo ugumu wa muundo unamfanya achague ushahidi dhaifu. Kwangu hilo ni baya kuliko mkato wowote uliokaa pasipo mahali pake.

Majina ya watu nayo yanahitaji kuelezwa vizuri zaidi. Mitindo hii huanza na jina la mwisho ikichukulia kwamba ndilo jina la ukoo, lakini sehemu nyingi za dunia jina la mwisho ni la baba au la babu, na kwingine jina la ukoo hutangulia. Kanuni ya kufaa ni kumwandika mwandishi kama yeye mwenyewe anavyojiandika katika kazi zake, na mkutubi anaweza kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kulihakiki hilo kwa kutazama namna makala inavyoorodheshwa katika hifadhidata za makala za tiba kama PubMed.

Katika vitabu vya kiada kuna mtego wa rejea ya pili. Kitabu kinasema kwamba mtafiti fulani alithibitisha jambo fulani, na mwanafunzi analiandika jina la mtafiti huyo katika orodha yake kana kwamba aliisoma kazi yake. Utaratibu wa uaminifu ni kuitafuta kazi ya asili na kuisoma, au, ikikosekana, kusema wazi kwamba imetajwa katika kitabu kile na kuweka kitabu hicho kwenye orodha. Huenda mtu akaona huo ni ushikiliaji wa mambo madogo, lakini kisa cha barua ya 1980 kinaonyesha jinsi madai yanavyokua yakipokezanwa kutoka andiko hadi andiko bila mtu kurudi mwanzo. Wodini tunakatazwa kuandika katika chati kwamba dawa imetolewa ikiwa hatukuitoa wenyewe wala kuishuhudia ikitolewa. Sioni kwa nini darasani turuhusiwe kutia sahihi kwa jambo tusiloliona.

Programu za kupanga marejeo zimerahisisha sana kazi hii, na ninaziunga mkono kwa moyo wote. Zotero, kwa mfano, iliyoanza mwaka 2006, hutolewa bure, huchukua taarifa za makala moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa wa mtandaoni na kuzipanga kwa mtindo wowote unaotakiwa. Anayeifahamu hahitaji kukesha akihesabu nukta. Hata hivyo mashine hupanga kile ilichopewa. Ikipokea jina la Shirika la Afya Duniani kana kwamba ni la mtu, italigawa, ichukue neno la mwisho ilifanye jina la ukoo, na yaliyobaki iyafupishe kuwa herufi, na mwanafunzi asiyekagua atawasilisha rejea ya mwandishi asiyekuwapo duniani. Ikipokea kichwa cha makala kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa, itakiacha vivyo hivyo. Kwa hiyo mkufunzi anayesema kwamba hakuna haja ya kufundisha muundo kwa kuwa kuna programu hajaniridhisha, na yule anayezipiga marufuku programu hizo ili tujifunze kwa mkono simwelewi kabisa. Wajibu wetu ni kujua rejea sahihi inafananaje ili tuweze kuikagua, na kazi ya kuipanga tuiachie mashine.

Jambo kubwa zaidi ni programu za akili mnemba zinazotunga maandishi, ambazo zimeenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022. Ukiziomba vyanzo, zinaweza kukupa rejea iliyopangika vizuri kuliko ambavyo wengi wetu tungeipanga, yenye majina ya waandishi, mwaka, jarida linalojulikana, juzuu, kurasa na namba ya DOI, kumbe makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kurejelea mbele yake kesi za aina hiyo zilizobuniwa na programu. Nami nauliza, katika chuo ambacho alama za marejeo hutolewa kwa kutazama muundo peke yake, rejea kama hiyo itapewa alama gani? Itapewa alama zote. Mwanafunzi mwaminifu aliyesoma makala tano kwa taabu na kukosea mlazo mahali pawili atashindwa na mwenzake ambaye hakusoma chochote. Utaratibu wa kusahihisha unaoruhusu hilo unahitaji kurekebishwa sasa.

Marekebisho yenyewe si magumu. Namba ya DOI, inayoanza na 10, ilibuniwa ili kazi ipatikane hata kama tovuti iliyoihifadhi itabadilika, na kuifungua huchukua sekunde chache. Msahihishaji akichagua rejea mbili katika kila kazi, akazifungua, akaangalia kama zipo na kama zinasema kile mwanafunzi anachodai zinasema, atajifunza mengi kuhusu kazi hiyo kuliko kwa kupitia orodha nzima akitafuta nukta zilizopungua. Akiona muda hautoshi, amwombe mwanafunzi aonyeshe kwa mdomo, katika dakika chache za mazungumzo, ni aya ipi ya makala aliyoitegemea. Zipo pia njia za kujua kama makala imefutwa na jarida lililoichapisha. Makala ya mwaka 1998 ya jarida la The Lancet, iliyotokana na watoto 12 na iliyowatia watu hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella inahusiana na usonji, ilifutwa rasmi mwaka 2010, na mwanafunzi anayeikuta imetajwa katika andiko la zamani anaweza asijue. Hifadhidata ya makala zilizofutwa iko wazi kwa umma, na Zotero humwonya mtumiaji ikiikuta makala ya aina hiyo katika maktaba yake. Haya yangefaa kufundishwa mapema, kabla hata ya mlazo wa jina la jarida.

Naomba pia wakuu wa vyuo watenganishe makosa ya muundo na wizi wa kitaaluma. Ni mambo yaliyo mbali, lakini onyo tunalopewa siku ya kwanza huyachanganya kiasi kwamba mwanafunzi mwenye hofu huacha kueleza mawazo ya wengine kwa maneno yake mwenyewe na kubaki akinukuu neno kwa neno, kwa kuamini kwamba ndiko kuliko na usalama. Kazi yake inakuwa msururu wa nukuu usio na fikra zake. Tunachohitaji kuelezwa kwa upole ni kwamba mwenye wazo hutajwa hata pale wazo lake linapoelezwa kwa maneno mapya, kwamba maneno yake yenyewe huwekewa alama za kunukuu na ukurasa, na kwamba rejea moja iliyowekwa mwishoni mwa aya yenye madai sita haimwambii msomaji ni dai lipi lililotoka wapi. Programu za kupima ufanano wa maandishi, ambazo matokeo yake huogopwa sana, huonyesha mahali maneno yanapofanana, na hukumu ya kama huo ni wizi hubaki kwa binadamu anayesoma. Anayekosa kuweka mwaka asahihishwe na kurudishiwa kazi. Anayewasilisha chanzo asichokisoma, au kisichokuwapo, ndiye wa kuitwa ofisini.

Kuna watakaosema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana mengi ya kujifunza, kupima shinikizo la damu, kutoa dawa, kumgeuza mgonjwa kitandani, na kwamba haya ya marejeo yangesubiri. Ninawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu mara nyingi ni wauguzi wenye uzoefu mkubwa waliofanya kazi nzuri bila kuandika orodha ya marejeo hata moja. Lakini kazi yetu imebadilika. Tunatarajiwa kutenda kwa ushahidi, na ushahidi hutufikia kwa maandishi, na maandishi hupimwa kwa kufuata marejeo yake hadi mwanzo. Muuguzi atakayeletewa utaratibu mpya wa kusafisha kidonda anapaswa kuwa na uwezo wa kuuliza umetoka wapi, akafungua chanzo na kuona kama wagonjwa waliochunguzwa wanafanana na wale walio mbele yake. Uwezo huo haupatikani siku moja kazini. Huanza kujengwa kwenye kazi ile ya kwanza kuhusu vidonda vya kulalia.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni kwamba programu nzima ya masomo ichague mtindo mmoja na kuusimamia kwa wakufunzi wote, mtindo gani si muhimu sana; kwamba kipindi cha kwanza cha marejeo kifanyike maktabani pamoja na mkutubi, kwa swali moja halisi la wodini na vyanzo ambavyo wauguzi huvitumia kweli, ikiwamo miongozo; na kwamba katika muhula wa kwanza alama zitolewe zaidi kwa chanzo kilichosomwa na kuelezwa kwa uaminifu kuliko kwa alama za uandishi. Kwa wanafunzi wenzangu naomba jambo moja, kwamba kabla ya kuweka jina la mtu kwenye orodha tufungue kazi yake, na tusiishie kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, pale makala nzima inapopatikana, maana masharti na mipaka ya utafiti mara nyingi hukaa ndani.

Nawe Ndugu Mhariri, pamoja na heshima zote, nina ombi kwako. Habari za afya zinazochapishwa magazetini mara nyingi huanza kwa kusema kwamba utafiti umebaini hivi au vile, bila kutaja ni utafiti wa nani. Wagonjwa na jamaa zao huja nazo wodini, nasi huulizwa kama ni kweli. Ingetosha kuongeza sentensi moja chini ya habari, yenye majina ya watafiti au taasisi yao, jina la jarida, mwaka, idadi ya waliochunguzwa, na kama walikuwa watu au panya wa maabara. Kwa sentensi hiyo muuguzi wa zamu anaweza kuitafuta makala kwa simu yake na kumjibu mgonjwa siku hiyohiyo.

Wako katika huduma,

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza